Miti na Vichaka vya Mapambo Vinavyostahimili Hewa Chafu ya Mjini

Miti ya mapambo inayostahimili hewa chafu ni ile inayoendelea kukua, kuchipua na kuchanua mahali ambapo moshi wa magari, vumbi la barabara na mafusho ya viwanda ni mambo ya kila siku. Kustahimili si kutoumia. Hakuna mti usiodhurika kabisa na hewa chafu. Ulio bora huumia polepole kuliko unavyojiponya. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama mche uliopandwa kando ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, au Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, utakuwa kivuli baada ya miaka 10 au utabaki kijiti kikavu ndani ya uzio wa mabanzi.

Hewa ya miji ya Afrika Mashariki imebeba uchafu wa aina mbili. Aina ya kwanza ni chembechembe: vumbi la barabara zisizo na lami, masizi ya injini za dizeli, moshi wa mkaa na kuni, na moshi wa taka zinazochomwa mitaani. Zinazotia hofu zaidi ni zile zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, ilhali unywele wa binadamu una unene wa maikromita 50 hadi 70. Chembe hizo ndogo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachokipendekeza kwa wastani wa mwaka, kutoka maikrogramu 10 hadi 5 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa, na miji mingi duniani imekivuka kiwango hicho. Aina ya pili ni gesi. Oksidi za nitrojeni hutoka katika injini. Salfa dioksidi hutoka katika mafuta yenye salfa na makaa ya mawe. Na ozoni ya karibu na ardhi haitoki kwenye bomba lolote, bali hujiumba hewani pale jua kali linapoyapiga mafusho ya magari.

Jani hupatwa na uchafu huo kwa njia mbili. Upande wake wa chini, na kwa mimea mingine pande zote mbili, kuna maelfu ya vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, viitwavyo stomata. Mchana vitundu hivyo hufunguka ili mmea uvute hewa ukaa ya kujitengenezea chakula. Mlango unaopitisha hewa ukaa hupitisha pia salfa dioksidi na ozoni, nazo zikiingia huanza kuharibu seli na umbijani, ile rangi ya kijani inayonasa nguvu ya jua. Vumbi nalo hukaa juu ya jani, huzuia mwanga, huziba vitundu na kulifanya jani lipate joto zaidi. Vumbi la saruji ni baya kuliko la udongo wa kawaida, kwa sababu likipata umande hushikamana na kuwa utando mgumu usioondoka kwa mvua ndogo, na likianguka chini huongeza magadi katika udongo.

Mtunza bustani anaweza kusoma dalili za madhara haya kwa macho. Salfa dioksidi huacha mabaka meupe au ya manjano katikati ya mishipa ya jani, huku mishipa yenyewe ikibaki kijani. Ozoni huacha vitone vidogo vingi vya kahawia au zambarau juu ya jani, hasa majani yaliyokomaa. Floraidi, inayotoka katika baadhi ya viwanda vikiwemo vya matofali na vigae, huunguza ncha na kingo za jani. Vumbi halihitaji utaalamu wowote: kitambaa cheupe kikipitishwa mara moja juu ya jani, kikitoka cheusi ni masizi, na kikitoka chekundu au kijivu ni vumbi la barabara au la ujenzi. Dalili hizi ni vyema zitofautishwe na za ukame au upungufu wa mbolea. Madhara ya hewa mara nyingi huwa makali upande wa mti unaotazama barabara au unaopokea upepo kutoka kwenye chanzo.

Mimea inayostahimili ina kinga zake, na kinga ya kwanza ni umbo la jani. Majani mazito yenye utando wa nta hayapitishi sumu kirahisi, na vumbi lililotua juu yake huteleza mvua inapopiga. Mfano mzuri ni kichaka cha oleanda, chenye majani membamba na maua meupe, ya waridi au mekundu, kinachopandwa katikati ya barabara kuu katika nchi nyingi zenye joto. Jani lake likikatwa na kutazamwa kwa hadubini, vitundu havionekani usoni mwa jani. Vimefichwa ndani ya vishimo vilivyo upande wa chini, na kila kishimo kimejaa vinyweleo laini. Vishimo hivyo vinapunguza upotevu wa maji, na vinyweleo vinanasa vumbi kabla halijafika kwenye vitundu. Ndiyo maana oleanda huchanua kando ya barabara yenye jua kali na moshi mahali ambapo vichaka vingine hukauka.

Kinga ya pili ni kupukutisha. Mti unaoangusha majani yake kwa wakati mmoja huitupa pamoja nayo sumu iliyokusanyika, kisha huanza upya na majani safi. Mkungu wa Pwani hufanya hivyo kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, majani yakigeuka mekundu kabla ya kuanguka. Kinga ya tatu imo ndani ya seli. Salfa dioksidi na ozoni huzalisha kemikali kali zinazounguza seli kutoka ndani, na asidi askobiki, yaani vitamini C, huzizima kemikali hizo kabla hazijafika mbali. Mmea wenye vitamini C nyingi katika majani yake una akiba kubwa ya kujitetea.

Kutokana na elimu hiyo, mwaka 1983 watafiti wa India, Singh na Rao, walipendekeza kipimo cha ustahimilivu wa mimea ambacho kinatumika hadi leo. Kipimo hicho huchanganya mambo manne yanayopimwa katika jani bichi: kiasi cha vitamini C, kiasi cha umbijani, pH ya maji ya jani, na asilimia ya maji ambayo jani limehifadhi. Umbijani na pH hujumlishwa, jumla yake huzidishwa kwa vitamini C, kisha asilimia ya maji huongezwa na matokeo hugawanywa kwa 10. Alama za juu humaanisha mmea unafaa kupandwa penye uchafu. Alama za chini hazimaanishi kwamba mmea hauna kazi, kwani mmea dhaifu huonyesha madhara mapema na unaweza kutumiwa kama mlinzi wa kutoa tahadhari. Katika vipimo vingi vilivyofanyika India, mwembe, mwarobaini, mwashoki na miti ya jamii ya mkuyu imekuwa ikipata alama nzuri. Hata hivyo alama hubadilika kwa msimu, kwa udongo na kwa umri wa jani, hivyo orodha ya mji mmoja haifai kunakiliwa katika mji mwingine bila kujaribiwa.

Majaribio ya aina hiyo yalikuwepo hata kabla ya kipimo cha maabara. London ya karne ya 19 iligubikwa na moshi wa makaa ya mawe, na miti mingi iliyopandwa katika barabara zake ilidhoofika. Mti uliosalimika na kutawala ni mpleni wa London, chotara wa mpleni wa Asia Magharibi na ule wa Amerika Kaskazini, aliyetokea karne ya 17. Gome lake hubambuka vipande vipande kama gome la mpera, na masizi huanguka pamoja na gome kuukuu. Mipleni ya London ilikuwepo pia wakati wa moshi mzito uliofunika jiji hilo tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, uliokadiriwa wakati ule kuua watu wapatao 4,000. Miti ilivuka; watu wengi hawakuvuka. Kilichofuata ni Sheria ya Hewa Safi ya Uingereza ya mwaka 1956, iliyodhibiti uchomaji wa makaa mijini.

Kwa miji ya Afrika Mashariki, mwarobaini ni wa kwanza kufikiriwa penye joto na mvua haba. Umetoka Asia Kusini, unastahimili ukame na udongo dhaifu, na majani yake madogo membamba hayashiki vumbi jingi kwa muda mrefu. Haupendi maji yaliyotuama, kwa hiyo haufai mabondeni. Mbegu zake huenezwa na ndege na popo, na katika baadhi ya maeneo ya pwani ya Kenya umeanza kuota wenyewe porini; kwa sababu hiyo ni bora upandwe katikati ya mji kuliko kandokando ya misitu ya asili.

Mwashoki, uliotoka India na Sri Lanka, hupandwa sana kandokando ya kuta za ofisi, shule na nyumba za ibada. Aina inayopendwa ni ile nyembamba ndefu, yenye matawi yanayoinama chini na majani marefu yanayong'aa, yenye kingo za mawimbi. Hauhitaji nafasi kubwa na hubaki kijani mwaka mzima. Ukipandwa kwa mstari huwa pazia la majani kuanzia chini hadi juu, ingawa kivuli chake ni kidogo.

Mkungu ni mti wa upepo wa bahari. Unavumilia chumvi, jua na moshi, na matawi yake ya ghorofa ghorofa hutoa kivuli kipana. Unahitaji nafasi ya kutosha, na majani yake makubwa yanapoanguka lazima yafagiliwe. Majani hayo yasichomwe, kwa kuwa kuyachoma ni kuyarudisha hewani masizi ambayo mti uliyanasa. Yakifukiwa shimoni pamoja na mabaki mengine hugeuka mboji ya kulisha miche inayofuata.

Mwembe una jani gumu la kustahimili, lakini tunda lake ni jambo jingine. Nchini India inajulikana kwamba maembe yaliyo karibu na matanuri ya matofali hupatwa na weusi wa ncha: sehemu ya chini ya tunda huwa nyeusi na kukauka kwa sababu ya gesi za matanuri, huku majani ya mti huohuo yakionekana mazima. Kwa hiyo mwembe unafaa kwa kivuli mjini, ila asiyetaka hasara ya matunda asiuweke jirani na tanuri. Mjohoro, wenye maua ya njano, hukua haraka na huchipua tena ukikatwa, jambo linaloufaa mti wa kando ya barabara ambao matawi yake hupunguzwa mara kwa mara.

Mvinje una kisa kinachostahili kuelezwa kwa urefu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Palikuwa mwamba wa matumbawe uliochimbwa ukabaki mweupe mtupu, usio na udongo, wenye magadi, na wenye maji ya chumvi karibu na uso wake. Katika aina 26 za miti zilizojaribiwa, ni tatu tu zilizoshika: mvinje, mnazi na damas, mti wa nchi za Pembe ya Afrika. Mvinje ulifaulu kwa sababu mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyogeuza nitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mti, na kwa sababu vijiti vyake vyembamba vya kijani, ambavyo wengi hudhani ni majani, havipotezi maji mengi. Tatizo likawa vijiti vilivyoanguka: vilijaa tanini na havikuoza. Wakaletwa majongoo, wakavila na kuvigeuza kuwa udongo mweusi, na juu ya udongo huo ndipo miti mingine ikapandwa. Leo mahali hapo ni Hifadhi ya Haller, msitu wenye viboko, twiga na ndege. Funzo lake kwa wapanda miti wa mijini ni kwamba jibu hupatikana kwa kujaribu aina nyingi mahali palepale, na kwamba kuutengeneza udongo ni nusu ya kazi.

Nyanda za juu zina orodha yao. Mjakaranda, uliotoka Amerika Kusini, huipamba Nairobi kwa maua ya zambarau kati ya Septemba na Novemba; hustahimili moshi kwa kiasi, na hupukutisha majani kabla ya kuchanua. Mterminalia wa Madagaska, wenye matawi yaliyopangwa kwa tabaka, umeenea mitaani kwa sababu ni mwembamba wa shina na mwepesi wa kivuli. Kibobakasi, mti wa asili wa Afrika wenye maua mekundu ya moto, hupendeza katika viwanja vipana, lakini matawi yake hukatika kwa upepo na hivyo usipandwe juu ya maegesho. Mikuyu na jamii yake ni hodari kuliko mingi, ila mizizi yake huinua lami na kuvunja mabomba. Inafaa viwanja vikubwa na mizunguko ya barabara, si ukingo wa ukuta.

Vichaka vina kazi ambayo miti mirefu haiwezi. Mtoto anayetembea kando ya barabara huvuta hewa ya usawa wa bomba la gari, si hewa ya juu ya miti. Ua mnene wa bogenvilia, duranta au fikasi ya kukatwa, ukiwekwa kati ya gari na njia ya miguu, husimama hasa kwenye usawa huo. Bogenvilia inavumilia ukame, miiba yake inazuia mbuzi na wapita njia, na mfululizo wa rangi zake ni mrefu. Sehemu zenye rangi si maua bali majani yaliyogeuka, na ua lenyewe ni kidole kidogo cheupe kilichosimama katikati. Oleanda ina masharti yake: kila sehemu ya mmea huo ni sumu, iwe bichi au kavu, na hata moshi wake una madhara. Isipandwe kwenye viwanja vya shule, vituo vya kulelea watoto wala palipo na mifugo. Matunda ya duranta nayo hayaliwi. Lantana, ingawa ni ngumu na yenye maua mazuri, iachwe kabisa, kwa sababu imeteka mashamba na malisho katika eneo zima na huwadhuru ng'ombe wanaoila.

Mahali pa kupanda ni muhimu sawa na aina ya mti. Katika barabara pana, mstari wa miti na ua chini yake hutawanya na kunasa sehemu ya uchafu. Katika mtaa mwembamba uliobanwa na maghorofa pande zote mbili, matawi mazito yaliyokutana juu huzuia upepo na kufungia moshi chini, hata hewa ya watembea kwa miguu ikawa mbaya kuliko awali. Mtaa kama huo unahitaji vichaka vifupi na miti michache myembamba iliyoachiana nafasi. Mikaratusi pia si chaguo zuri kwa barabara zenye magari mengi, kwa sababu hutoa gesi za asili ambazo zikikutana na oksidi za nitrojeni juani husaidia kuunda ozoni.

Mji usitegemee aina moja. Mwaka 1990 mtaalamu wa miti wa Marekani Frank Santamour alipendekeza kwamba aina moja isizidi asilimia 10 ya miti yote ya mji, jenasi moja isizidi asilimia 20, na familia moja isizidi asilimia 30. Sababu zake zinaeleweka vizuri katika ukanda huu. Mdudumafuta wa msaiprasi alionekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990, na nyua za misaiprasi zilizozunguka nyumba na shule zikakauka moja baada ya nyingine. Palipopandwa msaiprasi peke yake, palibaki peupe.

Upandaji wenyewe una taratibu zake. Udongo wa kando ya barabara huwa umeshindiliwa na kuchanganyika na kokoto, saruji na plastiki. Shimo la sentimita 60 kwa upana na 60 kwenda chini ndilo la kuanzia. Vifusi vitolewe, na udongo wa juu urudishwe pamoja na mboji au samadi iliyooza vizuri. Mche wenye urefu wa mita moja na nusu au zaidi, wenye shina moja imara, huvumilia misukosuko ya barabarani kuliko mche mdogo. Mizizi iliyojizungusha ndani ya kiriba ikatwe au inyooshwe, la sivyo itaunyonga mti miaka ya baadaye. Pwani hupandwa masika yanapoanza, mwezi Machi, au mwanzo wa vuli. Kwa miti inayohitaji maji mengi, masika ni salama zaidi.

Baada ya hapo huja matunzo, na hapa ndipo kampeni nyingi za upandaji huanguka. Mche wa mjini unahitaji maji kila wiki katika kiangazi cha miaka miwili au mitatu ya mwanzo, lita zisizopungua 20 kwa kila mara, yakimwagwa taratibu ili yazame badala ya kutiririka. Matandazo ya majani makavu yazunguke shina bila kuligusa. Kiangazi kinapokuwa kirefu, majani yaoshwe kwa maji mapema asubuhi, hasa karibu na ujenzi au barabara ya vumbi, ili vitundu vipumue tena. Matawi yapunguzwe kwa kufuata umbo la mti. Kukata kichwa chote cha mti ili usiguse waya za umeme huacha majeraha yanayooza na machipukizi dhaifu, na tiba yake ni kupanda mti mfupi chini ya waya tangu mwanzo.

Kazi ya miti hii ina mpaka, na mpaka huo usemwe wazi ili pasiwe na anayedanganyika. Majani hunasa sehemu tu ya vumbi na gesi, nayo ni ndogo kuliko kinachozalishwa na barabara yenye msongamano. Kupungua kwa uchafu huanzia kwenye chanzo: tangu Januari 2015, kwa mfano, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, hatua iliyopunguza salfa katika moshi wa magari kuliko mstari wowote wa miti ungeweza. Usafiri wa umma ulio bora, injini zinazofanyiwa ukaguzi, barabara zenye lami na taka zisizochomwa ndizo zinazotangulia. Miti inafuata, ikileta kivuli, ubaridi, urembo na hewa iliyochujwa kidogo.

Thamani ya miti hiyo hukua pamoja na ukubwa wake, kwa kuwa mti mzima una majani maelfu kwa maelfu ambayo mche hauna. Novemba 2020, ujenzi wa barabara ya juu ya Nairobi ulipoufikia mgumo mkubwa wa Westlands, mti wa jamii ya mkuyu wenye umri unaokadiriwa kupita miaka 100, wakazi walipinga kukatwa kwake, na tamko la Rais wa Kenya likaunusuru. Mpango wowote wa kupanda miche 1,000 ni vyema utanguliwe na hesabu ya miti mikubwa iliyopo, ulinzi wake kisheria, na mtu anayelipwa kuitunza.